Moto wa miguu baada ya kemotherapi: Lipi hufaa, lipi hudhuru

WAGONJWA wengi wa saratani katika kisiwa cha Mombasa huanza kemotherapi wakiwa wamejiandaa kwa mambo mawili: kunyonyoka nywele na kutapika. Ni wachache wanaoelezwa kuhusu jambo la tatu, ambalo huingia polepole na huweza kubaki hata baada ya nywele kuota upya. Hilo ni ganzi ya vidole pamoja na maumivu kama ya moto, au ya kuchomwachomwa kwa sindano, yanayoanzia nyayoni na kupanda juu.

Maumivu hayo si dalili kwamba saratani imeenea, jambo ambalo wengi hulihofia kimoyomoyo. Hutokana na dawa yenyewe kuumiza neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kutoka ngozini hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Lakini kwa kuwa hayaonekani kwa macho, na kwa kuwa mgonjwa haoni vyema kulalamikia vidole mbele ya daktari mwenye foleni ndefu, mara nyingi hutibiwa nyumbani kimyakimya. Huyu hukandwa kwa mafuta ya simsim, yule hutumbukiza miguu katika beseni la maji ya moto, mwingine hutumiwa mjukuu Marikiti akanunue habasoda. Wapo pia wanaodhani ni baridi yabisi.

Baadhi ya tiba hizo hufariji na hazina ubaya wowote. Nyingine huunguza mguu usioweza kusema kwamba unaungua. Na msomaji asidhani kuwa vidonge vya duka la dawa vimesalimika: kimojawapo kilichosifiwa sana kwa neva kilipojaribiwa kiliwazidishia wagonjwa maumivu.

Si kila dawa ya saratani huleta tatizo hili. Zinazojulikana zaidi ni paklitakseli na dosetakseli, ambazo hutumika sana kwa saratani ya matiti. Sisiplatini, ambayo hutolewa pamoja na tiba ya miale kwa saratani ya mlango wa kizazi. Oksaliplatini kwa saratani ya utumbo mpana. Na vinkristini kwa saratani za damu na kwa uvimbe wa Burkitt unaowapata watoto wa ukanda wetu huu wa malaria. Kwa kuwa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zinazoongoza miongoni mwa wanawake wa Kenya, ni rahisi kuona kwa nini ganzi hii imekuwa jambo la nyumba nyingi.

Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka kiunoni hadi kwenye ncha za vidole vya miguu. Ndani yake mna vijimirija vyembamba mno ambavyo, kama reli, hupitisha chakula na vifaa kutoka kwenye chembe mama iliyo kando ya uti wa mgongo hadi mwisho wa uzi. Paklitakseli huua saratani kwa kukakamaza vijimirija vya namna hiyohiyo, kwa hiyo uchukuzi ndani ya neva nao huvurugika. Sisiplatini na oksaliplatini huenda mbali zaidi na kuijeruhi chembe mama yenyewe. Ncha zilizo mbali ndizo huathirika kwanza, na ndiyo sababu ganzi huvaa umbo la soksi, kisha la glavu mikononi.

Mwaka wa 2014 watafiti walikusanya tafiti 31 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 4,000. Walikuta kwamba mwezi mmoja baada ya kemotherapi kumalizika, takriban asilimia 68 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 60, na baada ya miezi sita au zaidi, asilimia 30. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu. Mbaya ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila watatu huendelea nalo kwa muda mrefu.

Dawa hizi zina tabia mbili ambazo mgonjwa anapaswa kuzijua mapema. Ya kwanza ni ya oksaliplatini: katika siku za mwanzo baada ya kila dozi, kitu chochote cha baridi huweza kuleta mshtuko wa ganzi midomoni na kooni, hata mtu akahisi kama anakabwa. Katika joto la Mombasa, ambako dafu lililotoka kwenye jokofu na maji ya ukwaju yenye barafu ni sehemu ya maisha, hili si jambo dogo. Vinywaji vinywewe vikiwa vuguvugu kwa siku hizo. Ya pili ni ya sisiplatini na oksaliplatini: ganzi huweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa asiyejua hili hudhani amerogwa au saratani imerudi.

HATUA YA KWANZA SI DAWA

Kabla ya kuuliza ni majani gani au ni kidonge gani, iko hatua inayozidi zote kwa nguvu, nayo ni kusema mapema. Daktari wa saratani anaweza kupunguza dozi, kuichelewesha, au kubadilisha dawa moja kwa nyingine isiyoumiza neva kiasi hicho. Mpaka sasa hakuna kidonge wala mmea uliothibitishwa kuizuia ganzi hii isitokee. Jumuiya ya Marekani ya Wataalamu wa Saratani ilipochapisha mwongozo wake mwaka wa 2014, na ilipoupitia upya mwaka wa 2020, ilisema hivyo waziwazi.

Hapo ndipo ukimya unapogharimu. Mgonjwa mwingi huficha ganzi akihofia kwamba akisema, dawa itasimamishwa na saratani itamshinda. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini kupunguza dozi kidogo katika raundi ya nne ni jambo moja, na kumaliza raundi zote kisha kushindwa kushika sindano ya kushonea maisha yako yote ni jambo jingine, na uamuzi huo wafaa ufanywe na watu wawili wanaojua ukweli wote. Kwa fundi wa kofia za kiua au mchoraji wa hina wa Mji wa Kale, vidole ndiyo riziki. Daktari hawezi kulijua hilo asipoambiwa.

Maneno mepesi yatosha. Je, unaweza kufunga vifungo vya shati? Unaweza kuokota sarafu ya shilingi sakafuni? Ndara hukutoka mguuni bila wewe kujua? Unajikwaa ngazini? Unasikia mlio masikioni? Hilo la mwisho lahusu sisiplatini, ambayo hudhuru pia usikivu. Mtoto anayepewa vinkristini hawezi kueleza. Mzazi aangalie kama anaburura ncha ya mguu, anaangukaanguka, au amefunga choo kwa siku kadhaa.

VYA ASILI

Watu hupenda kuweka dawa za hospitali upande mmoja na za asili upande mwingine, kana kwamba moja ni sumu na nyingine ni salama. Kwa ugonjwa huu mgawanyo huo haushiki. Vinkristini, mojawapo ya dawa zinazoumiza neva, ilitolewa katika ua dogo lenye asili ya Madagaska, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo watu wengi wa Pwani hulipanda mbele ya nyumba kama pambo. Paklitakseli ilitoka katika gamba la mti wa Amerika Kaskazini. Swali la maana ni kama kitu kimejaribiwa kwa watu, na kikawafanya nini.

Habasoda ndiyo husifiwa kuliko zote katika maduka ya viungo ya Marikiti, na heshima yake katika Uislamu inajulikana. Katika maabara imeonyesha dalili za kukinga neva za panya. Kwa watu waliopata ganzi ya kemotherapi haujafanywa utafiti mkubwa wa kutegemewa. Yaweza kusemwa hivyohivyo kuhusu manjano. Kidogo katika mchuzi au katika chai ni chakula tu na hakina neno. Kijiko baada ya kijiko, au vidonge vya manjano vilivyokolezwa na kutiwa pilipili manga, ni jambo jingine, kwani ini linaloshughulikia viungo hivyo ndilo hilohilo linaloshughulikia dawa za saratani. Balungi, tunda lisilo na hila yoyote, hubadilisha nguvu ya dawa nyingi za kumeza. Sembuse poda ambayo muuzaji mwenyewe hajui kiasi chake? Mwarubaini na mchanganyiko wa mizizi uliochemshwa viingie katika tahadhari hiyohiyo.

Pilipili ina habari ya kuvutia zaidi. Ile dutu inayoifanya iwashe, kapsaisini, huchosha ncha za neva za maumivu mpaka zikanyamaza kwa muda. Hospitali za nchi kadhaa hutumia bandiko lenye asilimia 8 ya kapsaisini, ambalo hubandikwa na mhudumu wa afya kwa dakika 30 hadi saa moja. Iko pia krimu hafifu ya kupaka mara tatu au nne kwa siku kwa wiki kadhaa. Hiyo haina maana kwamba mtu asage pilipili za jikoni ajipake nyayoni. Pilipili ya kusaga haina kipimo. Huchubua ngozi, na mkono uliosahau kunawa huishia machoni.

Mafuta ya karafuu hutia ganzi jino linalouma, na kwa sababu hiyo wengine huyapaka miguuni. Yakiwa makali huunguza ngozi. Krimu yenye mentholi, dutu inayoipa nanaa ubaridi wake, imewapa nafuu baadhi ya wagonjwa katika utafiti mdogo, na haina hatari kubwa ikipakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi au ya simsim, kwa mkono mwepesi, ni faraja ya kweli, na pia humpa mkandaji nafasi ya kuuona wayo na kugundua jeraha. Mafuta yawe vuguvugu tu. Kuumika, au hijama kama inavyoitwa siku hizi, haifai katika kipindi cha kemotherapi bila idhini ya daktari: dawa hushusha chembe nyeupe zinazopigana na maradhi na chembe zinazogandisha damu, na kuchanja ngozi wakati huo ni kukaribisha usaha na kutokwa na damu.

Maji ya moto na tofali lililopashwa ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa, ingawa ndiyo yanayoonekana ya kawaida kabisa. Mguu wenye ganzi hautoi onyo. Wenye kisukari wanalijua hili, na mwenye kisukari anayepewa kemotherapi yuko katika hatari maradufu.

Liko jambo moja la asili ambalo limejaribiwa na likaonyesha faida, nalo halinunuliwi: kutembea. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2018, wagonjwa 355 waligawanywa, nusu wakapewa mpango wa kutembea na mazoezi mepesi ya kuvuta kamba za mpira kwa wiki sita wakiwa katika kemotherapi. Waliofanya mazoezi walipungukiwa na ganzi na hisia za joto na baridi kuliko wenzao. Mwenye nguvu za kutosha anaweza kwenda taratibu hadi bustani ya ufuoni ya Mama Ngina alasiri jua linapopoa, akiwa na mtu kando yake.

VITAMINI ZA NEVA

Hapa pana kosa linaloeleweka. Watu wengi wamemwona mgonjwa wa kifua kikuu akipewa vitamini B6 pamoja na dawa zake, ili neva zake zisiumie. Hiyo ni kweli, kwa sababu dawa iitwayo isoniazidi hupunguza B6 mwilini. Basi wamehitimisha kwamba vitamini B ni dawa ya ganzi yoyote. Lakini kemotherapi haiumizi neva kwa njia hiyo. Tena B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi ileile iliyokusudiwa kuponywa.

B12 ni tofauti kidogo. Mtu mwenye upungufu wake hupata ganzi, na metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi mjini, huweza kuishusha. Damu ipimwe, kama imepungua, iongezwe. Kama haikupungua, sindano hazitasaidia neva zilizoumizwa na paklitakseli.

Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa 207, matokeo yakatolewa mwaka wa 2011, na haikuzuia chochote. Kirutubishi kiitwacho asetili-L-kanitini, ambacho huuzwa kwa sifa ya kulisha neva, kilipewa wanawake wenye saratani ya matiti katika utafiti wa watu 409 uliochapishwa mwaka wa 2013. Baada ya wiki 24, waliokitumia walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwongozo wa 2020 unasema kisitumiwe.

DAWA ZA HOSPITALI

Kwa maumivu yaliyokwisha kuanza, ni kidonge kimoja tu kilichopata pendekezo la mwongozo huo: duloksetini, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya mfadhaiko wa akili. Haina maana kwamba mgonjwa anaonekana mwendawazimu. Dawa hii hukuza ishara ambazo ubongo huzituma kwenye uti wa mgongo ili kuzima maumivu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 231, na mwaka wa 2013 ikaripotiwa kwamba asilimia 59 ya walioitumia walipungukiwa na maumivu, ikilinganishwa na asilimia 38 ya waliopewa kidonge kitupu. Walianza kwa miligramu 30 kwa siku, kisha 60 baada ya wiki moja.

Ni haki msomaji ajue udogo wa faida hiyo. Katika kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yalishuka kwa wastani wa alama moja tu. Wapo waliopata nafuu kubwa, wapo ambao hawakupata kitu. Na kinachopungua ni maumivu zaidi kuliko ganzi yenyewe.

Duloksetini huweza kuleta kichefuchefu, usingizi na kinywa kukauka; haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini, na haikatizwi ghafla. Jambo la kuangaliwa sana ni tamoksifeni, kidonge ambacho wanawake wengi waliotibiwa saratani ya matiti hukimeza kwa miaka. Duloksetini hupunguza uwezo wa mwili wa kuigeuza tamoksifeni iwe katika umbo lake lenye nguvu. Anayetumia hiyo amkumbushe daktari, hasa kama dawa ya maumivu inaandikwa katika hospitali nyingine, jambo la kawaida kwa wenye faili mbili, moja katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani na nyingine ya binafsi.

Amitriptilini ni ya bei nafuu, ni ya miaka mingi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa ganzi ya kemotherapi ushahidi wake ni mdogo, lakini kidonge kimoja usiku humsaidia mtu ambaye moto wa miguu unamnyima usingizi. Kwa mzee atahadhari: huleta kizunguzungu akiinuka, na ngazi za nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni ni za wima. Gabapentini na pregabalini huandikwa sana kwa sababu husaidia ganzi ya kisukari. Kwa ganzi ya kemotherapi, gabapentini ilijaribiwa kwa wagonjwa 115, matokeo yakachapishwa mwaka wa 2007, na haikuishinda dawa tupu. Madaktari wengine huijaribu hata hivyo pale ambapo duloksetini imeshindikana au haipatikani. Kama baada ya wiki chache haijasaidia, hakuna sababu ya kuendelea kuilipia.

Kuvaa glavu na soksi za barafu wakati paklitakseli inapoingia mshipani kumejaribiwa Japani. Katika utafiti wa 2018 wa wagonjwa 36 wa saratani ya matiti, upande uliopozwa uliathirika kidogo kuliko ule mwingine. Ushahidi haujatosha kuwa kanuni, ila madhara yake ni machache. Anayepewa oksaliplatini asithubutu.

MGUU NDANI YA NYUMBA

Yule ambaye ganzi imekwisha kumkalia anahitaji nyumba iliyopangwa upya kidogo. Mtu mwenye afya hujua mguu wake ulipo hata gizani. Mwenye ganzi hutegemea macho, na stima ikipotea hupoteza pia mizani yake. Tochi iwe kando ya kitanda, na ngazi iwe na kamba au upau wa kushikia.

Ndara na kandambili hazifai, kwa sababu vidole havishiki tena. Kiatu cha kufunika chenye nafasi ni bora, na kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Msikitini ambako viatu huachwa mlangoni, ajihadhari na sakafu ya ua iliyopigwa na jua la adhuhuri, na avae soksi. Maji ya kuoga au ya udhu yaliyopashwa yajaribiwe kwa kiwiko, si kwa vidole. Jikoni, mama aliyezoea kugeuza chapati kwa ncha za vidole atafute kijiko bapa, na kukuna nazi kwenye mbuzi akuachie mkono mwingine. Kila usiku nyayo zitazamwe kwa kioo au na mtu mwingine, kwa kuwa msumari mdogo usiosikika Jumatatu ni kidonda kinachonuka Ijumaa.

Wakazi wa umri wa makamo watakumbuka kwamba ganzi ya namna hii iliwahi kuonekana kwa wengi waliotumia stavudini, dawa ya zamani ya virusi vya Ukimwi, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2009 iachwe hatua kwa hatua. Walioiacha mapema walipona zaidi kuliko walioichelewesha.

Kwa yule ambaye maumivu hayamwachi afanye kazi wala alale, huduma ya tiba shufaa si ya wanaokufa pekee. Coast Hospice mjini Mombasa, na vitengo vya namna hiyo hospitalini, hushughulikia maumivu ya mtu ambaye bado ana miaka mingi mbele yake.

Na kwa kuwa swali hili huulizwa kila mwaka Ramadhani inapokaribia: duloksetini humezwa mara moja kwa siku, hivyo yaweza kupangwa kwenye futari au daku, na amitriptilini ni ya usiku tangu awali. Gabapentini kwa kawaida ni mara tatu kwa siku, na ratiba yake lazima ipangwe upya na daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya dozi za mchana kurukwa kwa wiki nzima. Aliye katikati ya raundi za kemotherapi, na hasa anayepewa sisiplatini ambayo hudai maji mengi ili figo zisidhurike, aulize kwanza kama anafaa kufunga.